Je, wajua kwa nini kitabu kimoja hujitokeza mara tano katika hifadhidata ya pamoja?

Maktaba kadhaa duniani hutoa rekodi za katalogi zao bure, zikakusanywa mahali pamoja ambapo yeyote anaweza kuzisoma. Open Library, katalogi ya mtandaoni ya shirika la Internet Archive, imejengwa hivyo, kwa nia ya kukipa kila kitabu ukurasa wake. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungulia umma rekodi zipatazo milioni 12. Wazo lenyewe ni kongwe: mwaka 1901 Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, ilianza kuziuzia maktaba nyingine kadi za katalogi zilizokwisha chapwa, ili mkutubi asirudie kazi aliyokwisha fanya mwenzake.

Sasa tafuta kitabu humo. Utakuta pacha wake, na pacha wa pacha.

Nilidhani ni uzembe. Si kila kitabu kina ISBN, ile namba yake ya utambulisho? Kompyuta ilinganishe namba, zinazofanana ziunganishwe, basi. Nilikosea, tena si kidogo. ISBN hutambulisha toleo: jalada gumu lina yake, jalada jepesi lina yake. Vitabu vilivyochapwa kabla ya namba hizo kuenea, miaka ya 1970, havina kabisa. Wapo pia wachapishaji waliobandika namba ya kitabu kimoja kwenye kingine. Halafu mwaka 2007 tarakimu 10 zikawa 13, na 0-306-40615-2 ikageuka 978-0-306-40615-7. Tazama mwisho: 2 imekuwa 7. Tarakimu hiyo ni jibu la hesabu ya kuhakiki zilizotangulia, na kanuni ya hesabu hiyo nayo ilibadilishwa. Kwa hiyo hata kuongeza 978 mbele hakutoshi.

Namba ikishindwa, programu hufanya kazi ya hakimu mwenye mashahidi wawili. Mmoja asema mtu alikuwa mrefu, mwenye koti jeusi. Mwingine asema wa wastani, koti la buluu iliyokolea. Huenda ni mtu yuleyule. Ndivyo mkutubi mmoja anavyoandika kurasa 212, mwingine “xii, 212”, akihesabu na kurasa za utangulizi kwa namba za Kirumi. Mmoja anatanguliza jina la ukoo, mwingine analiweka mwisho. Programu hutoa alama kwa kila kinachofanana, na zikifika kiwango fulani, huunganisha. Kiwango kikiwa cha chini, vitabu viwili tofauti humezana, na kuvitenganisha ni kazi kubwa kuliko kuvumilia pacha mmoja.

Kuna pia visa vidogo vya MARC, muundo wa rekodi uliobuniwa na Henriette Avram miaka ya 1960. Kichwa cha kitabu hukaa sehemu ya 245, kikitanguliwa na tarakimu inayoiambia kompyuta iruke nafasi ngapi inapopanga majina. Kichwa cha Kiingereza kinachoanza na “The” hupewa 4: herufi tatu na nafasi tupu. Mkutubi akiweka 0, kitabu huhamia kwenye T. Akisahau akaweka 4 kwenye kichwa kisicho na “The”, kitabu kiitwacho “Maji” kitarukwa jina lote, kisibaki na herufi ya kukipangia.