Busta haichukui nafasi ya maji

Kwa wakulima wa nyanya na kabichi kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Ilemela hadi Magu, kuna imani ya miaka mingi: kiangazi kikibana, piga busta (dawa ya chupa ya kupulizia mimea ili ikue), mboga itavumilia bila maji. Si kweli, na inawatia watu hasara.

Homoni za mimea, kemikali zinazoongoza ukuaji na zilizomo katika baadhi ya busta, hazileti maji. Zinabadili namna mmea unavyoyatumia. Udongo ukikauka, mmea wenyewe hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, inayofunga vitundu vidogo vya majani ili maji yasipotee. Jibereli, homoni nyingine, kinyume chake, huchochea shina kurefuka na mara nyingi majani kutanuka. Ukiipulizia wakati wa ukame, unaongeza kiu. Kwa hiyo soma kwanza kilichomo ndani ya chupa. Baadhi ni mbolea ya majani tu, wala si homoni.

Asidi ya salisiliki, nayo ni homoni ya mimea, kwa kiasi kidogo sana, imeonekana katika majaribio kusaidia nyanya kustahimili ukame, lakini inapuliziwa kabla hazijanyauka, na umwagiliaji unaendelea. Ukizidisha kipimo, mmea hudumaa. Mimi ningetanguliza matandazo ya nyasi kavu na kumwagilia asubuhi, pale penye mizizi.