Uzi uliokataa kukatika

Kazi yetu ya vyombo vya angani ina fundo moja gumu: kifaa ambacho hakijawahi kuruka, hakuna anayetaka kukirusha. Mpelekee mwenye setilaiti kubwa, iliyomla miaka na mabilioni, naye atakuuliza kwanza, "Kimeshafanya kazi wapi huko juu?" Ukimjibu "maabara tu", mazungumzo yameisha. Simlaumu. Huko hakuna fundi wa kupanda kwenda kukaza skrubu.

Setilaiti ndogo ndizo zilizolegeza fundo hilo. Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, maprofesa wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, walibuni kiwango cha setilaiti ndogo kiitwacho CubeSat: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja na ushei. Za kwanza ziliruka Juni 2003. Watu husifu udogo wake, lakini kwangu mimi siri kubwa ni kile kisanduku chenye springi kinachozibeba. Mchemraba ukiharibika humo, abiria mkuu wa roketi, ile setilaiti kubwa, hadhuriki, na ndiyo maana jaribio lenye mashaka hupewa nafasi.

Nieleze jaribio moja tulilofanya. Antena zetu zilikuwa vipande vya futi ya chuma, ile ya mafundi seremala, vimekunjwa na kufungwa kwa uzi mwembamba wa plastiki ngumu, wa aina ya mshipi wa kuvulia. Rezista, kijipande kinachopata moto umeme ukipita, ikishapata moto, uzi unayeyuka, antena zinafyatuka. Mezani uzi ulikatika kila mara. Tukauingiza kwenye chumba cha ombwe, tukashusha joto hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, tukawasha. Kimya. Tulipofungua tuliona pengo kati ya uzi na rezista, dogo kiasi cha unywele. Uzi wa aina ile hurefuka ukipata baridi, ilhali chuma husinyaa. Mezani, hata kama pengo lilikuwapo, hewa ilikuwa ikilivusha joto hadi kwenye uzi bila sisi kujua. Kwenye ombwe hakuna hewa. Tuliongeza springi ya kuukandamiza uzi, na rezista ya pili.

Na hata chumba cha ombwe hakisemi yote. Mwaka 2018 CubeSat mbili ziitwazo MarCO, kila moja kama mkoba wa safari, zilifika hadi sayari ya Mars zikirusha habari za kutua kwa chombo kiitwacho InSight. Redio zao ndogo zilithibitika pale pale. Setilaiti nyingine ndogo, CAPSTONE, ya kilo 25 hivi, ilitumwa mwaka 2022 kujaribu njia ya kuuzunguka Mwezi ambayo hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuipita. Septemba vali ya injini yake mojawapo haikufunga sawasawa, chombo kikaanza kupinduka ovyo. Wahandisi walihangaika nacho kwa wiki kadhaa, wakakituliza, na Novemba kikaingia kwenye njia yake. Kwangu mimi, habari ya ile vali ina thamani karibu sawa na safari yenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniletea kifaa cha kujaribu, namwuliza kwanza: kikigoma, utajuaje kimegomea wapi? Antena zetu ni nne, na kila moja sasa ina swichi yake ndogo ya kuonyesha kama imefunguka. Zikifunguka tatu, hizo ndizo zitakazotupa habari za ya nne.