Replika si bekapu, jamani

"Kaka, usihangaike, replika ipo." Nikiambiwa hivyo na mtu aliyeendesha DELETE (amri ya kufuta rekodi za kanzidata) bila WHERE (sharti la kusema zipi zifutwe), najua sitalala. Replika, yaani seva ya pili inayonakili kila badiliko la seva kuu, ipo, ndiyo, na yenyewe imeshafuta rekodi zilezile. Kazi yake ni kutii tu. Inakukinga diski ikifa au seva ikiungua; haikukingi na mkono wako mwenyewe. RAID, yaani diski kadhaa za seva moja zinazotunza data kwa pamoja, nayo hukinga diski ikifa tu, si mkono wako.

Wanaobisha wasome yaliyowakuta GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017. Replika yao ilikuwa imebaki nyuma, mhandisi akataka kusafisha saraka yake ya data aanze upya, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipostuka na kusitisha, katika GB 300 hivi zilibaki 4.5. Haya, bekapu? pg_dump (chombo cha kutoa bekapu) ya toleo la 9.2 ilikuwa inatumwa kusoma kanzidata ya PostgreSQL 9.6, ikagoma kimyakimya. Barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani kwa sababu ya DMARC, kanuni ya kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. S3, ghala la Amazon ambako bekapu zilipaswa kuwekwa, kutupu. Snapshoti (picha za diski za wakati fulani) kule Azure, wingu la Microsoft, hazikuwashwa kwa seva za kanzidata. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (mfumo wa Linux wa kusimamia diski) ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono saa kama sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikapotea. Bahati, basi, wala si mfumo.

Sasa, likikukuta: USIIZIME SEVA. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kila tatizo dawa yake ni kuwasha upya. Mafaili yakifutwa kwa rm (amri ya kufuta mafaili) huku kanzidata bado inakimbia, Linux haiyaachii hadi programu iyafunge. Unaweza kuyachota kwenye /proc, saraka ambamo Linux huonyesha programu zinazokimbia na mafaili zilizoyafungua. Ukiiwasha upya, umeyazika.

DELETE ina habari yake. Kwenye PostgreSQL rekodi zilizofutwa kwa kawaida hubaki mle hadi VACUUM, yaani usafishaji wake, ipite, kwa hiyo zima autovacuum (usafishaji wa kujiendesha) kwenye jedwali hilo kabla hujanipigia. Kwenye MySQL, kanzidata nyingine, binlogi (daftari la kila badiliko) ikiwa ya aina ya ROW na picha kamili ya kila rekodi, kila rekodi iliyofutwa imeandikwa humo nzimanzima, na unaweza kuigeuza iwe INSERT, amri ya kuingiza rekodi. Ila mkifanya DROP TABLE (kufuta jedwali lote) au TRUNCATE (kulimwaga liwe tupu), humo mtakuta amri tu, bila rekodi. Hapo ni bekapu kamili, irudishwe kwenye seva ya pembeni, kisha mabadiliko ya kwenye binlogi au WAL (daftari kama hilo la PostgreSQL) yarudiwe hadi sekunde moja kabla ya balaa. Bekapu ambayo hamjawahi kuijaribu kuirudisha siihesabu.

Na hata hapo kuna kitu kinanikera ambacho vitabu hukiruka. Wateja hawakuacha kununua wakati nyinyi mnahangaika. Oda mpya zimeingia, nambari zinagongana na za zamani, malipo yanaelekea akaunti zisizokuwepo. Kuunganisha pande hizo mbili sina kanuni yake. Nakaa na mhasibu, tunaamua mstari kwa mstari, na siwezi kuapa kwamba hakuna kilichotuponyoka.

Kuna replika ya kuchelewesha, inayotekeleza mabadiliko baada ya muda uliopangwa (recovery_min_apply_delay kwenye PostgreSQL), na hiyo naipenda. Iachwe nyuma saa ngapi? Mimi huweka sita, kwa kukisia tu. Kosa la Jumamosi mchana ambalo mhasibu analigundua Jumatatu litakuwa limeshaifikia replika hiyo pia.