Si lazima ujifungie hadi utetee tasnifu

Wanafunzi wengi wa uzamili huambiwa: acha kila kitu, jifungie, ajira utaifikiria ukishatetea tasnifu. Ushauri huo unachukulia kwamba utafiti hula muda sawasawa kila wiki. Sivyo.

Chukua Kenya. Andiko lako la kupendekeza utafiti linakaa kwa msimamizi, kisha linakwenda kamati ya maadili, kisha unaomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Hapo unasubiri watu wengine, na kukesha maktaba hakuharakishi sahihi ya mtu. Huo ndio wakati wa kufundisha kozi fupi, kujitolea kwenye shirika linalogusa mada yako, au kuandika wasifu wako wa kuombea kazi (CV). Ukifika kwenye data, mambo hugeuka: uchambuzi na uandishi vinataka asubuhi nzima bila simu, si nusu saa za kuibia.

Wangari Maathai alipata uzamivu wake Nairobi mwaka 1971 huku akifundisha chuoni hapohapo. Lakini angalia: kazi yake ya pembeni ilikuwa ndani ya fani yake. Kuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi ni jambo jingine; vikao vyake havijui kalenda ya msimamizi wako (na simu za wanachama huingia saa tano usiku). Mimi ningekubali cheo kimoja kidogo, tena chenye tarehe ya kuisha.

Kuhusu ajira, wadhamini wa barua zako za maombi hupatikana mapema, ungali chuoni, kwa watu waliokuona ukifanya kazi.