Mbio za Farasi Hazipimwi kwa Kasi Peke Yake

Zinapotajwa mbio za farasi, wengi huwazia uwanja wa nyasi, wapandaji waliojikunja juu ya shingo za wanyama wao, na mshindi anayepatikana kwa takriban dakika mbili. Hiyo ni aina moja tu. Nikiwa daktari wa mifugo ninayeshughulikia farasi wa mashindano, kila ninapokutana na mbio za aina nyingine hujiuliza kwanza farasi anatakiwa kuonyesha uwezo gani, kwa sababu mnyama anayetamba katika mbio za aina moja huenda asifae kabisa katika nyingine.

Mbio za uwanja usio na vikwazo ndizo zinazojulikana zaidi. Derby ya Epsom, Uingereza, ilianza mwaka 1780 na leo hukimbiwa kwa takriban mita 2,400 kwenye nyasi, ilhali Kentucky Derby ya Marekani, iliyoanza mwaka 1875, ni ya takriban mita 2,000 kwenye udongo. Huko ndiko farasi aitwaye Secretariat alikomaliza kwa dakika 1 na sekunde 59.4 mwaka 1973, na rekodi hiyo haijavunjwa. Hata hivyo, farasi wa mbegu ya Thoroughbred kama yeye siye mwenye kasi kuliko wote: katika mita 402 mfalme ni wa mbegu ya Quarter Horse, farasi mfupi mwenye mapaja mazito, ambaye humaliza kwa sekunde 21 hivi, kabla Thoroughbred hajachanganya mwendo.

Mbio za kuruka viunzi zina asili yake Ireland, ambako mwaka 1752 wapandaji wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi lile la Doneraile, wakiruka kuta na mitaro iliyokuwa njiani. Grand National ya Aintree, Uingereza, ina viunzi 30 katika takriban kilomita 6.9. Mwaka 2024 idadi ya farasi ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34, na kiunzi cha kwanza kikasogezwa karibu na mahali pa kuanzia ili wasikifikie kwa kasi kubwa mno. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, kwani kundi kubwa likifika kwenye kiunzi kwa kasi, farasi mmoja akianguka anaweza kuwaangusha wengine wasio na kosa lolote.

Mbio ninazoziona kuwa ngumu zaidi kuzielewa kwa mtazamaji mgeni ni zile za kuvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili. Humo farasi haruhusiwi kupiga shoti. Hukimbia matiti, yaani mguu wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili vikienda pamoja, au, katika mbio za aina nyingine, miguu miwili ya upande mmoja ikienda pamoja. Mnyama aliyechoka au kuhamaki hutamani kupiga shoti, kwa kuwa huo ndio mwendo wake wa asili anapotaka kukimbia kwa nguvu zote. Hapo mwendeshaji hulazimika kumtuliza kwa hatamu na kumrejesha kwenye mwendo unaotakiwa, huku wenzake wakimpita. Katika Prix d'Amérique, inayofanyika Vincennes jijini Paris tangu mwaka 1920 na ambayo leo ni ya mita 2,700, wapo farasi bora wanaotolewa mashindanoni kwa kuvunja mwendo tu. Kwangu mimi, huo ndio mtihani mkubwa wa nidhamu kwa mnyama.

Mbio za masafa marefu ndizo zinazomshughulisha daktari kuliko zote. Tevis Cup ya California, iliyoanza mwaka 1955, hupita milimani kwa takriban kilomita 160, na washiriki wana saa 24 za kumaliza. Katika vituo vya ukaguzi daktari husikiliza moyo, hufinya ngozi ya shingo aone inarudi upesi kiasi gani, hubonyeza ufizi kuona damu inavyorejea, husikiliza tumbo, kisha huagiza farasi akimbizwe matiti mbele yake, kwani hapo ndipo kuchechemea hujitokeza. Asiyeridhisha huondolewa, hata kama anaongoza. Aidha, hutolewa Haggin Cup kwa farasi mwenye hali bora miongoni mwa kumi wa kwanza, nami naithamini tuzo hiyo kuliko ya mshindi.

Kinyume cha hayo yote ni ban'ei, mbio za kuvuta mizigo za Obihiro, kisiwani Hokkaido, Japani. Njia ina mita 200 tu na vilima viwili. Farasi wenye uzito unaokaribia tani moja huvuta sleji za chuma, yaani vyombo visivyo na magurudumu vinavyoburutwa chini, ambazo katika mbio kubwa nazo hufika tani moja, mwendeshaji akiwa amesimama juu yake. Kabla ya kilima cha pili husimama kabisa ili wapumue, na ustadi wa mwendeshaji uko katika kujua asubiri muda gani, maana akiwahi farasi hukwama katikati ya mpando. Mshindi ni yule ambaye sehemu ya nyuma ya sleji yake imevuka mstari, si pua ya farasi. Kwa hiyo mnyama aliyekwisha kuvuka anaweza kuishiwa nguvu papo hapo na kupitwa.