Mchezaji wa 12 wa Texas A&M: yanayosemwa na yaliyotokea

"E. King Gill alitoka jukwaani, akaingia uwanjani, akaiokoa timu."

Hakucheza hata sekunde moja. Tarehe 2 Januari 1922, jijini Dallas, Marekani, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Texas A&M ilikutana na Centre College. Majeruhi walizidi mpaka kocha Dana X. Bible akaona akiba inamwishia. Gill naye hakuwa mtazamaji wa kawaida: alikuwa mchezaji wa kikosi hicho, akahamia mpira wa kikapu, na siku ile alikuwa kwenye chumba cha waandishi wa habari akiwasaidia kutambua wachezaji. Aliitwa, akavaa jezi, akasimama pembeni mpaka mwisho. A&M ilishinda 22-14 bila kumwingiza. Timu huwa na wachezaji 11 uwanjani; wanafunzi wanaosimama mechi nzima katika uwanja wa nyumbani, Kyle Field, huitwa Mchezaji wa 12, wakienzi utayari ule.

"Ukipiga kelele muda wote unaisaidia timu."

Unaiumiza. Katika futiboli ya Kimarekani, timu yenye mpira husikiliza sauti ya kiongozi wake ili ijue mchezo unaanza lini. Wageni wasipomsikia, mmoja wa safu ya mbele huchomoka mapema, na adhabu yake ni timu kurudishwa nyuma yadi 5. Kwa hiyo kelele ni za mpinzani akiwa na mpira; A&M ikiushika, jukwaa linatulia.

Shangwe zenyewe zina ufundi. Viongozi 5, waliopigiwa kura na wanafunzi, hutoa ishara za mikono. Ishara hizo hupitishwa nyuma safu kwa safu. Kisha umati wote huinama, viganja juu kidogo ya magoti, uso mbele, ili mgongo, koo na kinywa vinyooke na sauti itoke kwa nguvu. Mazoezi yake hufanyika uwanjani saa sita usiku, mkesha wa mechi ya nyumbani.

"Reveille, mbwa anayekiwakilisha chuo, amekuwa wa aina ya koli tangu mwanzo."

Wa kwanza, aliyeokotwa na makadeti mwaka 1931, alikuwa mbwa chotara.

"Chuo bado kinawasha ule moto mkubwa wa magogo kabla ya mechi na mpinzani wake, Chuo Kikuu cha Texas."

Hapana, na hili lisisemwe kwa wepesi. Desturi hiyo ilianza mwaka 1909. Alfajiri ya tarehe 18 Novemba 1999, rundo la magogo karibu 5,000, lenye urefu wa takriban mita 18, liliporomoka likiwa bado linajengwa. Watu 12 walikufa, 27 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba magogo ya ngazi ya pili yalikuwa yameshindiliwa katikati ya yale ya chini, yakayasukuma kwenda nje. Nyaya zilizofunga ngazi ya chini hazikuwa na nguvu ya kuyazuia, na kebo za chuma zilizowahi kutumika miaka ya nyuma mwaka huo hazikuwekwa. Moto unaoandaliwa na wanafunzi siku hizi uko nje ya eneo la chuo, chuo hakiutambui, na muundo wake umebadilishwa: kila gogo lazima lifike ardhini.