Tiba ya sanaa na pande mbili za nafsi: dhana potofu na ukweli

Warsha za kuchora zinazoahidi kusawazisha upande wa kiume na wa kike wa nafsi zikitangazwa Arusha au Moshi, maneno huanza kabla rangi hazijanunuliwa. Wapo wanaodhani ni uganga, wapo wanaodhani ni dawa ya kila kitu. Zifuatazo ni dhana zinazorudi mara nyingi.

Dhana: Sayansi imethibitisha kwamba ndani ya kila mtu kuna nusu ya kiume na nusu ya kike.

Wazo hili limetoka kwa Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi (1875–1961). Alisema mwanamume hubeba ndani yake sura ya kike, akaiita anima, na mwanamke hubeba sura ya kiume, animus. Ni nadharia ya kusomea ndoto, hisia na michoro. Haipimwi kama presha. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Daphna Joel wa Tel Aviv walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,400. Walikuta kwamba wengi wana mchanganyiko: sehemu hii imeelekea kwa wanaume, ile kwa wanawake, nyingine katikati.

Kwa hiyo ni salama zaidi kuziona "pande" hizi kama majina ya kifupi ya tabia ambazo jamii imezigawa. Kusukuma, kuamua na kuweka mpaka tumewapa wanaume. Kupokea, kungoja na kulea tumewapa wanawake. Maisha yenyewe hayafuati mgao huo. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, anashinda akipatana bei, akidai madeni na kuwafukuza wanaomziba njia, halafu jioni anaambiwa mwanamke hana kauli.

Dhana: Upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Mwanamume atalegea, mwanamke atakuwa jike dume.

Hofu hii ndiyo inayowazuia watu wengi, hasa wanaume. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Sandra Bem, alitoa dodoso la sifa 60: 20 zinazohesabiwa za kiume, 20 za kike na 20 zisizo na upande. Alizipima za kiume na za kike kwenye mizani mbili tofauti, na mtu mmoja aliweza kupata alama za juu kwenye zote mbili. Baba anayejifunza kumsikiliza mwanawe hadi mwisho hapotezi uwezo wa kuamua. Wala mazoezi haya hayambadilishi mtu jinsia yake, wala hayabadilishi anampenda nani. Hayana nguvu hiyo.

Dhana: Pinki na maua ni vya kike, bluu na mistari iliyonyooka ni vya kiume.

Anayesema hivi Arusha hajawatazama watu wanaopita barabarani. Shanga za Kimaasai hutungwa na wanawake, na morani huzivaa shingoni na mikononi pamoja na shuka nyekundu. Hakuna anayemwambia amekuwa laini. Mwezeshaji akianza kwa kugawa rangi za kiume na za kike, anapata picha alizoziagiza mwenyewe.

Dhana: Mtaalamu akiitazama picha yako anajua kila kitu.

Hapa ndipo madhara makubwa hufanyika. Chukua rangi ya tope, ile kahawia iliyopauka. Mara nyingi inatokana na maji ya kuoshea brashi ambayo hayajabadilishwa tangu kuanza: nyekundu, kijani na njano zimekutana kwenye kopo moja. Anayejifanya mjuzi anaiona na kutangaza kwamba mchoraji ana huzuni nzito. Udongo nao una mambo yake. Mtu anafinyanga umbo, anaubandika mkono bila kukwaruza sehemu ya kuungia wala kupaka udongo wa majimaji. Unapokauka mkono unadondoka, na kundi zima linaambiwa upande wake wa kike umekatika. Kilichokatika ni kiungo cha udongo. Kwaruza pande zote mbili kwa uma, paka uji wa udongo, bonyeza na uzungushe kidogo. Kisha funika kwa mfuko wa plastiki usiku mmoja ili unyevu ulingane. Gramu 500 za udongo kwa mtu zinatosha.

Kazi ya mwezeshaji ni kuuliza. Maana anaitoa aliyechora.

Dhana: Kuchora kwa mkono wa kushoto kunafungua ubongo wa kulia, ambao ni wa kike.

Roger Sperry, mtafiti wa ubongo wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi yake kuhusu nusu mbili za ubongo, na watu wakaichukua mbali kuliko alivyoipeleka yeye. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah wa mwaka 2013, wa picha za ubongo zaidi ya 1,000, haukukuta watu wa "ubongo wa kulia" na wa "ubongo wa kushoto". Mkono usiouzoea unasaidia kwa sababu nyepesi zaidi: unashindwa kuchora vizuri, basi unaacha kutafuta uzuri. Waeleze washiriki mapema, kwani kuna wazee wanaoona mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Wao wafumbe macho na kutumia wa kulia.

Dhana: Lazima ujue kuchora, na vifaa ni ghali.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 39 waliofanya sanaa kwa dakika 45. Kwa takribani robo tatu yao homoni ya msongo, kortisoli, ilishuka, na uzoefu wa kuchora haukuleta tofauti kubwa. Kipimo chao kilikuwa cha msongo. Usawa wa pande mbili za nafsi haukupimwa, na anayekuuzia warsha kwa utafiti huo anauvuta usikofika.

Vifaa vya mtu mmoja: manila moja iliyokatwa vipande vinne, boksi la kalamu za nta, gundi ya karatasi na magazeti ya zamani. Kikao kinakwenda hivi:

Dakika 5, kipande cha kwanza: mikono yote miwili ichore ovyo kwa wakati mmoja. Hiki ni cha kupasha mwili, kitupwe.

Dakika 15, kipande cha pili: chora namna unavyosukuma mambo, kwa mistari na rangi tu.

Dakika 15, kipande cha tatu: namna unavyopokea, kwa mkono usiouzoea.

Dakika 10: gundisha hivyo viwili juu ya gazeti, ukiacha nafasi ya vidole vinne katikati. Chana vipande kutoka kipande cha nne uvijaze hapo: ukuta, mlango, daraja, au uache wazi.

Dakika 15: bandika ukutani, rudi nyuma hatua tatu. Uliza: jicho linaenda wapi kwanza? Upande upi umenichosha kuchora? Nani alinifundisha kuubana?

Kosa la kawaida ni watu kukimbilia alama zilizo tayari: ngumi upande mmoja, ua upande mwingine. Hapo hakuna kitu kipya kinachotokea. Mpe mtu kitenzi: kata, beba, ngoja, zuia. Mstari wa "kungoja" hauna mfano wa kuiga, inabidi utoke mkononi. Njia hii pia inamfaa Mwislamu asiyependa kuchora viumbe hai. Kosa la pili ni saa: kipande cha pili kikila dakika 25, kile cha kupokea kinafanywa kwa haraka, na upande uliokuwa umebanwa unabanwa tena.

Dhana: Ni kuchora tu, hakuna madhara.

Yapo. Swali kuhusu upande wa kike linaweza kumfufulia mtu kumbukumbu ya ukeketaji, na la upande wa kiume likamfufulia mwingine fimbo za baba. Mshiriki akianza kutetemeka, akikodoa macho asisikie, au pumzi zikimwenda mbio, acha zoezi. Miguu ikanyage sakafu, mikono iingie kwenye maji baridi, ataje vitu vitano anavyoviona. Usimbembeleze aeleze. Mwenye kusikia sauti, kukosa usingizi siku nyingi au kufikiria kujiua aanzie kwenye huduma ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa: Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi kwa Moshi.

Dhana: Kikao kimoja kinatosha.

Kikao kimoja kinapumzisha. Kuona tabia inayojirudia kunahitaji kazi kadhaa: mara moja kwa wiki, wiki sita hadi nane, kila picha ikiandikwa tarehe nyuma. Zihifadhi kwenye bahasha yenye jina la mwenyewe, na hakuna anayezipiga picha kwa ajili ya kundi la WhatsApp bila ruhusa yake.